Bustani za matumbawe: tuhesabu mama, si vipande pekee

Wasini, Mkwiro, Kuruwitu: siku hizi kwenye pwani yetu kuna watu wanaolima matumbawe kama wengine wanavyolima mihogo. Wanavijiji na vikundi vya BMU huokota vipande vya matumbawe, wakavifunga kwenye kamba, vyuma au saruji, wakavilea mpaka vikanawiri, kisha wakavipandikiza kwenye mwamba uliokufa. Ni kazi njema. Watu wa Kuruwitu walitenga sehemu ya bahari yao wenyewe, wakailinda, na mwaka 2017 wakatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mimi ni mmoja wa wanaoishabikia kazi hii na sitaki irudi nyuma hata hatua moja.

Lakini kila taarifa yake inaposomwa barazani, hesabu huwa ni moja tu: vipande vingapi vimepandwa. Swali la pili halisikiki sana, nalo ndilo ninalolileta leo: vipande hivyo vimetoka kwa mama wangapi? Laweza kuonekana kuwa ni swali la wasomi wa maabara. Si hivyo. Jibu lake ndilo litakaloamua kama bustani tunayopanda leo itazaa na kujiendeleza, au itakuwa pambo la miaka michache linalosubiri msimu mmoja wa joto.

Mnyama anayejenga nyumba

Sisi watu wa pwani tumezoea kulihesabu tumbawe kuwa jiwe, na si ajabu. Nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, za Lamu, na magofu ya Gede zimejengwa kwa mawe yake, na chokaa ilichomwa kutokana na mawe hayo hayo. Mafundi wa zamani walijua hata kuchagua tumbawe bichi la baharini, la jamii ya Porites, wakalikata lingali laini, wakachonga mihirabu na miimo ya milango, nalo likikauka likawa gumu.

Hata hivyo, tumbawe lililo hai ni mnyama. Kila kitundu unachokiona juu yake ni makao ya kiumbe kidogo kiitwacho polipu: mwili laini, mdomo mmoja, na minyiri midogo kuuzunguka. Ndani ya mwili wake huishi mwani usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki. Maji yakipata joto kama digrii moja tu kupita kiwango cha kawaida cha mwezi wa joto zaidi, na joto hilo likakaa wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika. Mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe. Huko ndiko kupauka. Joto likishuka mapema, tumbawe huweza kupona; likikawia, hufa kwa njaa.

Polipu mmoja hujigawa akawa wawili, wawili wakawa wanne, na wote wakajenga pamoja. Kichaka cha tumbawe unachokizunguka kwa kuogelea kina maelfu ya polipu, lakini wote walitokana na mmoja. Kwa hiyo wote wana vinasaba vile vile, yaani ile hati ya urithi iliyomo ndani ya kila kiumbe, inayoamua umbo lake, kasi yake ya kukua, magonjwa yatakayomshinda na joto atakalolistahimili. Kichaka kizima ni nafsi moja.

Njia mbili za kuzaa

Tumbawe lina njia mbili za kuongezeka. Ya kwanza ni ya mayai na mbegu za kiume. Matumbawe mengi huwa na vyote viwili katika mwili mmoja. Usiku wa kutaga, hutoa vifurushi vidogo vinavyopanda juu ya maji na kupasuka, mayai ya huyu yakakutana na mbegu za yule. Kinachozaliwa ni kiluwiluwi. Huchukuliwa na maji kwa siku kadhaa, wakati mwingine kikasafiri mbali na wazazi wake, kisha hushuka, hujishikiza kwenye mwamba na kuanza kujenga. Wengi mno hufa njiani. Lakini kila anayefika ni nafsi mpya, mwenye mchanganyiko wake ambao haujawahi kuwapo.

Njia ya pili haihitaji mwenzi. Mawimbi ya kusi, nanga ya mashua au mguu wa mtu huvunja tawi. Tawi huanguka, na likipata mahali patulivu hushika na kukua. Mkulima yeyote wa Kilifi au Kwale anaifahamu njia hii, maana ndivyo tunavyopanda muhogo. Hatupandi mbegu ya ua. Tunakata kijiti cha shina na kukizika. Muhogo unaoota si mtoto wa ule wa kwanza. Ni ule ule, uliohamia shimo jingine. Wanasayansi huita kiumbe cha namna hii kloni. Mimi nitasema nakala.

Baadhi ya matumbawe huenda mbali zaidi. Katika jamii ya Pocillopora, ambayo ipo pia kwenye miamba yetu, uchunguzi wa James Stoddart uliochapishwa mwaka 1983 ulionyesha kwamba huko Australia Magharibi hata viluwiluwi vinavyotoka tumboni mwa mama vinaweza kuwa nakala zake tupu, bila baba.

Nakala si kitu kibaya, na nisisitize hilo. Tawi lililovunjika lina nguvu kuliko kiluwiluwi kidogo kuliko punje ya mchele; halianzi maisha upya. Matumbawe yenye matawi yamejaza miamba kwa njia hii tangu zamani, na ndiyo maana bustani za matumbawe zinawezekana. Mtu anayefunga kipande kwenye kamba anaiga tu kazi ya wimbi.

Tatizo huanza njia ya pili inapobaki peke yake.

Somo la Kibandameno

Wakulima wa pwani wanaujua muhogo wa Kibandameno. Ni mtamu, unapendwa sokoni na majumbani, na kwa miaka mingi jirani amempa jirani vijiti vyake. Lakini ni dhaifu mbele ya batobato na mbele ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoozesha muhogo ardhini huku majani juu yakikudanganya kwamba mambo ni salama. Shamba lote likiwa Kibandameno, ugonjwa ukishapata mlango wa shina moja umepata mlango wa shamba zima, kwa kuwa mlango ni mmoja. Ndiyo sababu watafiti wa Mtwapa walifanya kazi ya kuleta aina nyingine, kama Tajirika, Shibe na Karembo, ili mkulima asitegemee mmea mmoja uliorudiwa mara elfu.

Mwamba wa matumbawe wenye nafsi chache uko katika hali hiyo hiyo, na una tatizo jingine juu yake. Mkulima wa muhogo hahitaji mihogo yake izaane. Mwamba unahitaji. Kwa matumbawe mengi, mayai na mbegu za nafsi moja hazirutubishani vizuri, au hazirutubishani kabisa. Unaweza kuwa na vichaka mia vyenye afya, vinavyotaga kila mwaka, maji yakajaa mayai, na asizaliwe hata mmoja, kwa sababu vichaka vyote mia ni mtu mmoja anayejitafutia mchumba ndani ya nyumba yake.

Yaliyotokea Florida

Haya si maneno ya kukisia. Mahali yalipopimwa vizuri zaidi ni Florida, Marekani, ambako bustani za matumbawe zimefanywa kwa miaka mingi na kila hatua kuandikwa. Huko na katika bahari yote ya Karibi kuna tumbawe liitwalo Acropora palmata, lenye matawi mapana kama pembe za mnyama. Ni jamaa wa Acropora tulizo nazo hapa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa utepe mweupe uliliangamiza vibaya, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikaliweka kwenye orodha ya viumbe wanaolindwa kisheria.

Mwaka huo huo Iliana Baums na wenzake walichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya tumbawe hilo sehemu mbalimbali za Karibi. Upande wa mashariki walikuta nafsi nyingi tofauti. Upande wa magharibi, Florida ikiwemo, vichaka vingi vilikuwa nakala, na kulikuwa na miamba ambayo kila kichaka kilichopimwa kilikuwa cha nafsi moja. Kwa jicho la mpiga mbizi ulikuwa mwamba wenye vichaka tele. Kwa hesabu ya vinasaba alikuwa ni mnyama mmoja. Utafiti mwingine wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba baadhi ya nafsi za tumbawe hilo zimeishi zaidi ya miaka 5,000, zikivunjika na kuota, zikivunjika na kuota. Ni ustahimilivu wa kustaajabisha. Lakini kwa miaka mingi watafiti wa Florida walitafuta watoto wapya waliozaliwa kwa mayai na hawakuona karibu yeyote.

Kisha ukaja msimu wa joto wa 2023. Maji ya Florida yalichemka kuliko wakati wowote uliowahi kupimwa huko. Ripoti iliyotoka mwaka 2025 katika jarida la Science ilieleza kwamba kwenye visiwa vya kusini mwa Florida, Acropora za aina mbili za huko zilikufa kwa takriban asilimia 98 hadi 100, na kwamba hazihesabiki tena kuwa wajenzi wa mwamba huo.

Tusidanganyane hapa. Joto la kiasi kile lingeua hata mwamba wenye nafsi nyingi. Utofauti wa vinasaba si hirizi. Lakini tazama kilichobaki mkononi mwa watu wa Florida baada ya msiba. Walikuwa wamehifadhi vipande vya nafsi nyingi katika matangi ya nchi kavu, na kila kimoja kilijulikana kimetoka kwa mama gani. Mwaka 2024 waliyachukua matumbawe ya aina ile ile kutoka Honduras, ambako maji ni ya joto zaidi, wakayazalisha na yale ya Florida kwa mayai na mbegu. Mwaka 2025 watoto wa ndoa hiyo wakapandwa baharini karibu na Miami. Jaribio hilo bado ni changa. Hata hivyo, lisingewezekana kama wangekuwa na vipande elfu visivyojulikana asili yake, au vipande elfu vya mama mmoja.

Na kwetu je?

Pwani yetu ina kidonda chake. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, joto liliua matumbawe mengi ya Kenya, katika maeneo mengi zaidi ya nusu. Wavuvi waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka mwamba uliogeuka mweupe, kisha ukafunikwa na majani ya bahari. Kupauka kumerudi tena baadaye, na kila mara huja wakati ule ule, kaskazi inapoisha na bahari kutulia, mwezi wa tatu na wa nne.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Kule Great Barrier Reef, Australia, matumbawe ya aina nyingi hutaga pamoja katika siku chache baada ya mwezi mpevu. Sangeeta Mangubhai na Peter Harrison walipoyachunguza matumbawe ya Acropora Mombasa, walikuta mambo ni tofauti: utagaji umetawanyika kwa miezi kadhaa, hata ndani ya aina moja. Nionavyo mimi, hili linalifanya swali la mama kuwa zito zaidi hapa kuliko kule. Ikiwa usiku wowote wanaotaga ni wachache, basi nafasi ya yai kukutana na mbegu ya mgeni ni ndogo tangu mwanzo. Tukipunguza na wageni wenyewe, tumefunga mlango.

Wapo watakaosema: kwa nini tusitafute tumbawe moja shupavu, lililovuka joto bila kupauka, tukapanda hilo hilo kila mahali? Wazo hili lina mvuto, na nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Jibu langu ni swali: shupavu mbele ya nini? Linalovumilia joto huenda likakua polepole, au likashindwa na ugonjwa ambao haujafika bado. Acropora zenye matawi hupendwa bustanini kwa kuwa hukua haraka, na ndizo mara nyingi hutangulia kufa joto likija. Hatujui msiba ujao utakuwa wa joto, wa ugonjwa, au wa matope ya mto. Usipomjua adui, usipeleke askari wa aina moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hilo shupavu lipandwe, tena kwa wingi, lakini lipandwe na wenzake.

Yanayowezekana bila maabara

Kupima vinasaba ni gharama, na hakuna BMU itakayonunua mashine hizo. Lakini mengi yanawezekana kwa macho, kamba na daftari.

Kwanza, chanzo cha vipande. Vikundi vingi hutumia vipande vilivyokwisha kuvunjika, na hilo ni jema kwa sababu halimjeruhi mama aliye hai. Tahadhari ni moja: vipande ishirini ulivyoviokota chini ya kichaka kimoja huenda vyote ni vya kichaka hicho. Okota kidogo hapa, kidogo kule, mbali kwa mbali, na katika vina tofauti. Vikundi vya vijiji jirani vinaweza pia kubadilishana, kama tunavyobadilishana vijiti vya muhogo, ila kwa idhini na uangalizi wa KWS na watafiti wa KMFRI, kwa sababu tumbawe linalindwa na sheria na ugonjwa husafiri na kipande.

Pili, idadi ya mama. Mwaka 2009 Tonya Shearer na wenzake walichapisha hesabu inayofaa kubandikwa ukutani mwa kila ofisi ya BMU. Walikadiria kwamba vipande vikitoka kwa mama 10 waliochaguliwa bila mpango, hubeba zaidi ya nusu ya utofauti wa vinasaba wa jamii ile. Vikitoka kwa mama 35, hubeba zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo hatuambiwi tutafute mamia. Kutoka mama watatu kwenda 35 ni kazi ya siku chache za maji mafu, na tofauti yake ni ya vizazi.

Tatu, kuna mtihani wa bure. Vipande viwili vya nafsi moja vikigusana bustanini, mara nyingi huungana vikawa kitu kimoja, bila kovu. Vya nafsi mbili tofauti mara nyingi hukataana, ukaona mpaka kati yao, na wakati mwingine kimoja kikakila kingine. Mtihani huu si hukumu ya mwisho, lakini mlezi wa bustani aliye makini ataanza kuwajua ndugu na wageni kwa kutazama tu.

Nne, mpango wa kupanda. Usiweke vipande vyote vya mama mmoja upande mmoja wa mwamba. Changanya, kila kipande kiwe na jirani asiye ndugu yake mita chache tu kutoka alipo, ili usiku wa kutaga ukifika mbegu zisipotee majini kabla ya kufika kwenye yai.

Tano, daftari. Kila mama apewe nambari, na kila kipande kiandikwe nambari ya mama yake, mahali kilikotoka na tarehe. Joto likipita, rudini na daftari mkaone nambari zipi zimesimama. Hapo ndipo kikundi cha kijiji kinapojua jambo ambalo hakuna mgeni angeweza kukiambia. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Bado kuna mambo ambayo bustani haiwezi. Haiwezi kupoza bahari, wala kuzuia maji taka ya hoteli, wala nyavu za kukokota, wala matope ya Sabaki. Mwamba uliolindwa vizuri, wenye matumbawe makubwa yanayotaga yenyewe, hutuzalia nafsi mpya bila malipo kuliko bustani yoyote. Kwa hiyo kulinda kilicho hai kunatangulia kupanda, na tukipanda, tupande kwa namna itakayouwezesha mwamba kuendelea bila sisi.

Fedha zinazokuja kwa kazi hii huja na masharti ya hesabu, na wafadhili hupenda namba kubwa. Si kosa la vikundi vyetu kuwapa wanachoulizwa. Lakini bahari ni yetu na mwamba ni wa watoto wetu, na sisi pia tuna haki ya kuuliza. Mara nyingine tukiitwa barazani kuambiwa kwamba vipande elfu vimepandwa, tuwapongeze waliofanya kazi, kisha mmoja wetu ainue mkono aulize: kwa mama wangapi?